Andika Mstari, Useme Kwa Nini

(Maneno niliyowaambia wazazi, walimu na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Jumamosi moja asubuhi, katika ukumbi wa shule hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wababa na wamama, walimu wenzangu, na ninyi mafinalisti mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, jambo yenu!

Nimeombwa niseme juu ya kufanya hesabu hatua kwa hatua. Nilitaka kuja na ubao uliojaa kanuni. Kisha nikakumbuka kuna msichana mmoja ananidai deni, nikaona afadhali nianze kwa kulilipa hapa mbele yenu.

Miaka michache iliyopita nilitoa interro, jaribio fupi la darasani. Swali la pili lilisema hivi: mteja amenunua bidhaa za franka 7,500, ametoa dolari 5, na dolari moja ni franka 2,800. Atarudishiwa kiasi gani? Jibu langu nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi yangu: franka 6,500. Binti huyo aliandika mstari mmoja tu: «dolari 2 na franka 900». Hakuna kuzidisha, hakuna kutoa, hakuna kitu. Nilikuwa na karatasi sitini na kitu mbele yangu, umeme umekatika, nasahihisha kwa tochi ya simu. Nikapiga mstari mwekundu, sifuri juu ya tano, nikaandika pembeni: «Umetoa wapi?»

Hakuja kuuliza. Watoto wetu hawaulizi, na sisi ndio tuliowafundisha wasiulize.

Jumamosi iliyofuata nikashuka sokoni Birere kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nani yuko nyuma ya beseni? Yeye, na mama yake. Nikanunua, nikatoa dolari, na kabla sijafungua simu nipige hesabu, tayari alikuwa ameninyooshea chenji yangu, nusu dolari za karatasi, nusu franka. Pembeni yake mteja mwingine analipa kwa pesa ya Rwanda, naye anahudumiwa vilevile, bila kalamu. Nikamuuliza: «Ile hesabu ya interro ulifanyaje?» Akanijibu huku anapima sambaza za mtu mwingine:

«Prof, dolari mbili ni 5,600. Ya tatu ikiingia zinakuwa 8,400. Hapo nimepita 7,500 yangu. Nilichopita ni 900. Dolari mbili sijazigusa. Mteja achukue dolari zake mbili na 900 yake.»

Pigeni wenyewe. Dolari mbili ni franka 5,600, ongeza 900, unapata 6,500. Jibu lilikuwa lilelile. Tena njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu: mimi nilizidisha dolari zote tano kisha nikatoa, yeye aligusa tatu tu. Na mteja yeyote wa Birere angependa kurudishiwa kama alivyorudisha yeye, maana dolari nzima haina haja ya kuvunjwa.

Jumatatu nilimrudishia alama zake mbele ya darasa. Lakini sikilizeni, simsimulii ili muone kwamba hatua hazina maana. Ni kinyume. Binti alikuwa na hatua nne, zimepangwa vizuri, kila moja na sababu yake: «ikiingia zinakuwa», «hapo nimepita», «sijazigusa». Zilikuwa mdomoni. Kwenye karatasi hazikufika. Mimi nilikosea kwa kutouliza, na yeye alinificha hesabu nzuri kuliko ya kwangu. Ndicho kitu kimoja tu nilichokuja kusema leo: mstari unaouandika ni mahali pa kusimama, na pale uliposimama useme kwa nini umesimama pale. Yote nitakayosema sasa ni mifano ya hilo.

Tuchukue alama ya sawasawa, hii mistari miwili midogo. Ningempa mtoto mwingine swali lile la dolari, angeniandikia hivi, na wengi wenu mafinalisti mnaandika hivi mpaka leo:

5 × 2,800 = 14,000 − 7,500 = 6,500

Jibu ni sahihi. Mstari ni uongo. Usomeni kutoka mwanzo hadi mwisho: unasema 5 mara 2,800 ni 6,500. Mwambieni hivyo mbadilisha pesa wa pale barabarani, muone kama atakubali. Mtoto anatumia alama ya sawasawa kama vile kusema «halafu»: napiga hii, halafu natoa hii, halafu napata hii. Aliyeanza kuchora mistari hii miwili ni Robert Recorde, mganga na mwanahesabu wa kutoka Wales, mwaka 1557, na alieleza sababu: hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko mistari miwili sambamba. Ni mizani, siyo mshale. Kwenye shule ya msingi uongo huu haumdhuru mtu. Siku mtoto anapofika kwenye milinganyo ya x ndipo unamrudia, kwa sababu sasa lazima pande zote mbili ziwe na uzito mmoja, naye hajawahi kuziona kama pande. Mistari miwili ingetosha: 5 × 2,800 = 14,000. Chini yake: 14,000 − 7,500 = 6,500. Sekunde tatu zaidi.

Sasa twende kwenye x yenyewe. Swali la zamani, hata babu zenu waliosoma kwa mapadri walilifanya: baba ana miaka 41, mtoto ana miaka 9. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya umri wa mtoto?

Kabla ya biki (kalamu) kugusa kaye (daftari), semeni kwa Kiswahili kinachotokea. Miaka inapita. Inapita kwa nani? Kwa wote wawili! Hapo ndipo nusu ya darasa inaanguka. Mwanafunzi anaandika 41 + x kwa baba, na yule mtoto wa swali anamwacha na miaka yake 9 kana kwamba yeye siku ya kuzaliwa haimfikii. Anapata 41 + x = 27, basi x = −14. Na huyo atafurahi, kwa sababu kwenye mtihani wa serikali majibu huwa yamepangwa uchague, na mtunga maswali si mjinga, anajua makosa yenu kuliko mnavyoyajua. −14 ataiweka pale ikusubiri. Unaiona, moyo unatulia, unaweka alama. Lakini rudi kwenye maneno: −14 maana yake ni miaka kumi na minne iliyopita. Kijana wa miaka 9 alikuwa wapi miaka kumi na minne iliyopita?

Tuandike vizuri. Baada ya miaka x baba atakuwa na 41 + x, mtoto atakuwa na 9 + x. Tunataka:

41 + x = 3(9 + x)

Mstari unaofuata ni kufungua mabano. Tatu inazidisha tisa, na tatu inazidisha x pia:

41 + x = 27 + 3x

Kuna kijana mwaka jana aliandika 27 + x. Tatu ilimsalimia wa kwanza mlangoni, wa pili ikampita. Akaendelea, akaondoa x pande zote mbili, akabaki na 41 = 27. Akaniangalia, akafuta ukurasa mzima. Nilimwambia: usifute! Huu ndio mstari mzuri kuliko yote uliyoandika leo. 41 si 27, na karatasi yako imekuambia hivyo waziwazi. Kosa liko juu ya mstari huu, na mistari iliyo juu ni miwili tu. Rudi nyuma hatua moja, jaribu kila jiwe. Ninyi mnajua kutembea juu ya mawe ya volkano: unakanyaga, unasikia kama linacheza, ndipo unaweka uzito. Dakika haikuisha akaliona. Angekuwa amefanya yote kichwani, angekuwa na kitu gani cha kurudia?

Tuendelee. Tunaondoa x kila upande, 41 = 27 + 2x. Tunaondoa 27 kila upande, 14 = 2x. Tunagawa kwa mbili kila upande, x = 7. Kisha mstari ambao karibu hakuna anayeuandika: baba 41 + 7 = 48, mtoto 9 + 7 = 16, na 3 × 16 = 48. Imekubali.

Nimesema «tunaondoa kila upande» makusudi. Nyinyi mnasema nini? «Ikivuka inabadilisha alama.» Tumewafundisha hivyo sisi walimu, tuseme ukweli, kwa sababu ni haraka. Mtoto anaona namba kama msafiri wa Petite Barrière, pale mpakani: ukitoka Goma ukiingia Gisenyi ya Rwanda, unabadilisha pesa. Sawa, mpaka siku anapokutana na 5x = 20. Tano nayo inavuka, basi nayo inabadilisha alama, anaandika x = 20 ÷ (−5), anapata −4. Au anaandika x = 20 − 5. Amefuata kanuni tuliyompa, kwa uaminifu kabisa! Kosa lake ni kwamba hakupewa sababu. Hakuna kinachovuka. Kuna mizani, na unachokifanya mkono wa kushoto unakifanya na wa kulia.

Kazi hii ni ya zamani. Al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeipa jina la al-jabr, lililozaa neno aljebra. Kwa Kiarabu al-jabr ni kurudisha kilichovunjika, hata kuunga mfupa. Hakuwa na x, hakuwa na alama ya sawasawa. Alieleza kila hatua kwa maneno tu. Kile tunachoandika leo x², yeye alikiita mal, ambalo ni lilelile neno letu mali. Ninyi mnaosema aljebra ni kitu cha Wazungu, mjue x² iliwahi kuitwa mali, na hiyo mali mnayo mdomoni tangu utotoni. Na sifuri yetu na chiffre ya Wafaransa ni ndugu wa baba mmoja, zote zimetoka kwenye sifr ya Kiarabu. Nafunga mabano.

Nimetaja Kifaransa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watoto wengi wanaoitwa wajinga wa hesabu hapa kwetu si wajinga wa hesabu. Wanaanza shule kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinawaingilia, na swali la hesabu ndilo linalowapiga zaidi kwa sababu halina neno la bure. Angalieni hili: Furaha a 12 chèvres. Elle a 5 chèvres de plus qu'Amani. Amani ana mbuzi wangapi? Mtoto anaona «12», anaona «5», anaona «de plus», yaani «zaidi», anajumlisha: 17. Alisoma namba, sentensi hakuisoma. Sasa mwambie aligeuze kwa Kiswahili cha nyumbani: Furaha ana mbuzi 12, amempita Amani kwa mbuzi 5. Papo hapo atakuambia Amani ana 7. Hesabu alikuwa nayo, kilichokosekana ni mstari mmoja wa Kiswahili kati ya swali na jibu. Walimu wenzangu, ruhusuni mstari huo kwenye kaye. Inspekta akija, mwambieni ni mimi niliyesema.

George Pólya, mwanahesabu aliyezaliwa Budapest, mwaka 1945 aliigawa kazi hii katika sehemu nne: elewa swali, panga njia, ifuate, kisha geuka uangalie nyuma. Sisi tunafundisha ya tatu peke yake. Ya kwanza tunamwachia Mungu, na ya nne tunamwachia msahihishaji.

Najua mnachonung'unika huko nyuma: «Prof, mtihani una saa.» Ni kweli, una saa. Nami sijasema muandike kila kitu. 14 = 2x kwenda x = 7, sihitaji insha. Mtu mzima hahesabu ngazi za nyumba yake. Hatua yako iwe na urefu unaoweza kuuruka bila kuanguka, na kila mtu anajua miguu yake. Ukiona mahali fulani unakosea mara kwa mara, hapo ndipo pa kufupisha hatua. Kwa wengi wenu ni palepale penye alama ya kutoa mbele ya mabano. 10 − (x − 4) si 6 − x. Ni 14 − x. Wanaobisha tutaonana baada ya mkutano. Aliyerukaruka atatumia dakika kumi kutafuta kosa asilojua liko wapi, na saa inayomkimbiza ni ileile.

Na simu? Wazazi wamenituma niwakataze. Siwezi, kwa sababu na mimi natumia. Siku hizi unapiga picha ya swali, simu inakutolea hatua zote, safi, bila mwandiko wa mkono. Mtoto ananakili mistari kumi, analeta kazi, namuuliza: kutoka mstari wa tatu kwenda wa nne ulifanya nini? Kimya. Hizo hatua zilipita juu ya kaye yake kama ndege juu ya ziwa. Fanyeni hivi: simu ikishatoa hatua, zifunike kwa karatasi. Funua ya kwanza. Sema kwa sauti ilitokaje kwenye swali. Kabla hujafunua ya pili, andika yako. Kisha funua, uzilinganishe. Zikitofautiana, huo ndio muda wa kujifunza, kwa sababu huenda yako nayo ni sahihi kama ya binti wa sambaza. Na kuna siku simu yenyewe inakosea, hasa kwenye maswali ya maneno. Asiyejua kuuliza «kwa nini» hataligundua.

Kuna mfupa mmoja nataka muujue, kwa sababu ni wa kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semuliki unapotoka kwenye ziwa Edouard, ndani ya mbuga ya Virunga, mkoa wetu huuhuu. Akapata mfupa mdogo uliochongwa mikato kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Leo uko Brussels, kwenye jumba la sayansi za asili. Safu moja ina mikato 11, 13, 17, 19. Nyingine ina 11, 21, 19, 9. Jumlisheni: kila moja inatoa 60. Safu ya tatu inajumlisha 48, na ndani yake 3 imekaa karibu na 6, 4 karibu na 8, kama mtu aliyekuwa akizidisha kwa mbili.

Huyo ndugu yetu wa Ishango aliandika hatua zake. Mkono wake ulikuwa imara. Lakini kwa nini alichonga hivyo? Wako wanaosema alikuwa anacheza na namba, wako wanaosema ni kalenda ya mwezi, wako wanaosema mikato ni ya kushikia tu mfupa usiteleze. Mpaka leo wanabishana. Mikato ipo yote, maneno hayapo. Ninaposahihisha kaye zenu zenye namba zimejipanga bila hata «basi» moja, ndugu yule ndiye ninayemkumbuka. Yeye nimemsamehe.

Wazazi, namalizia na ninyi. Mama mmoja aliniambia: «Mwalimu, mimi niliishia darasa la tatu, nitamsaidiaje?» Mama, usimsaidie. Kaa naye wakati sufuria iko kwenye makala (makaa), weka kidole kwenye mstari wowote wa kaye yake, useme: «Hapa ulifanya nini?» Basi. Akisema «Prof ndivyo alivyofanya», mwambie: «Prof hayupo jikoni kwangu, nieleze wewe.» Akikwama, mwache akwame kidogo. Wewe unahesabu pesa za aina tatu kila siku, unajua mtu anayebabaisha anavyoonekana usoni.

Walimu wenzangu, kwenye interro ya swali la alama tano toeni alama kwa mistari. Tatu za njia, mbili za jibu, ndivyo ninavyofanya mimi sasa. Nimeambiwa na wengine kwamba huko ni kuwabembeleza. Karatasi sitini kwa tochi, najua inavyouma. Lakini tangu nianze hivyo, watoto wameacha kufuta.

Nina chaki moja hapa. Mafinalisti, swali ni hili. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anashuka kutoka Kibumba na magunia 6, mengine ya viazi, mengine ya makala. Gunia la viazi ni kilo 80, la makala kilo 35. Mzigo wote ni kilo 300. Magunia ya viazi ni mangapi?

Sitaki jibu, najua wawili kule nyuma wamekwisha kulipata. Nataka mstari wa kwanza tu, na sababu yake. Wewe uliyevaa sweta nyekundu, njoo. Wengine mnyamaze, mwacheni aandike.